Shajara ya mradi: seti ya mchezo wa maneno kwa Kiswahili, kutoka vizibo vya soda hadi mashindano ya Sabasaba

Naiandika shajara hii kwa yeyote anayetaka kutengeneza seti kama hii nyumbani kwake. Mchezo ni ule wa kupanga kete za herufi ubaoni ili kuunda maneno yanayokatizana, ambao wengi tunaujua kwa jina la Scrabble. Tupo Tanga. Wachezaji ni watu wa nyumbani: mama watoto, binti yetu wa kidato cha pili, shemeji yangu wa bodaboda, na mama yangu, ambaye alikulia Mombasa na ndiye bibi wa nyumba. Gharama zote ni shilingi za Tanzania. Asiye na muda aruke moja kwa moja hadi 5 Aprili, hapo ndipo ulipo mgawanyo wa kete uliotufaa, kisha asome marekebisho yake ya 17 Julai.

11 Januari 2025: Sanduku la Kiingereza, maneno ya Kiswahili

Sanduku tulilonalo ni la Kiingereza. Kete 100: zenye herufi 98, na tupu 2 ambazo mchezaji huzipa herufi anayoitaka. Ubao una vyumba 225, yaani 15 kwa 15, na kila mtu anashika kete saba kwa wakati mmoja. Tuliamua kujaribu Kiswahili kwa kete hizohizo kabla ya kuharibu mbao.

Mchezo ulikwama kabla ya chai kuiva. K ipo moja tu kwenye sanduku zima, na inahesabiwa alama 5. Akishaiweka mtu, kila kitenzi chenye KU mbele kimekufa, labda upate kete tupu. W zipo mbili. Huku nyuma mikono ya kila mmoja imejaa E na R, na yupo mwenye Q ambaye hana pa kuipeleka. Z inahesabiwa alama 10 kana kwamba ni lulu, wakati kwetu ni ya ZAKE na ZETU.

Nilitaka kujua tatizo ni kubwa kiasi gani, nikachukua ibara ya kwanza ya Tamko la Haki za Binadamu: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu." Hesabu herufi zake. Ni 98, sawasawa na kete zenye herufi ndani ya sanduku. Basi ingekuwa jambo tamu kuipanga yote mezani, lakini jaribu uone. Ibara inataka A 21, sanduku linatoa 9. Inataka W 9, zipo 2. Inataka H 6, zipo 2. Upande wa pili, E zipo 12 na zinazohitajika ni 7, R zipo 6 zinahitajika 2, na O nne kati ya nane zinabaki zimekaa. Irabu peke yake katika ibara ile ni 48, karibu nusu ya herufi zote.

Uamuzi: tutengeneze seti yetu.

25 Januari: Kuhesabu herufi za gazeti

Aliyebuni mchezo huu, Alfred Butts, alikuwa msanifu majengo Mmarekani aliyekosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Aliketi akahesabu herufi kwenye kurasa za magazeti, na hesabu yake ndiyo iliyompa idadi ya kete na alama zake. Jina la Scrabble lilikuja baadaye, mwaka 1948, baada ya James Brunot kuuchukua mchezo na kuanza kuutengeneza kwa ajili ya kuuza. Mgawanyo wa Butts haujaguswa mpaka leo.

Nami nikafuata njia ileile. Binti alinakili habari kadhaa za magazeti kwenye kompyuta na jedwali likahesabu. A iliongoza kwa mbali, I ikafuata, kisha kundi la U, N na W. Q na X hazikuwepo isipokuwa kwenye majina ya watu. C haikuonekana popote bila H nyuma yake, nayo hiyo imeamua jambo moja bila ubishi: kete ya C haitakuwepo, itakuwepo kete moja ya CH. Seti ya Kihispania hufanya hivyohivyo, ina kete ya CH na nyingine za LL na RR.

SH, DH, TH, GH na NY tumeziacha zipangwe kwa kete mbilimbili, kwa sababu herufi zake zote zina kazi nyingine peke yake. Ritifaa ya NG' tunaiacha. Ng'ombe anaandikwa N, G, O, M, B, E na anaeleweka.

Gharama hadi hapa: hakuna.

15 Februari: Vizibo vya soda

Drafti ya kijiweni inachezwa kwa vizibo, kwa nini hii isichezwe? Shemeji alikusanya vizibo mfuko mzima kutoka kwa mama muuza duka, tukaandika herufi ndani ya kizibo kwa maka peni.

Haikufaa, na sababu ni hizi. Kizibo ni cha duara, maneno hayashikani vizuri na kiwiko kimoja kinatawanya nusu ya mchezo. Kila kizibo kina kovu lake la kufunguliwa, kwa hiyo baada ya michezo michache binti alikuwa anazitambua A kwa makovu kabla hazijageuzwa. Tena vinapiga kelele mfukoni. Vizibo vimerudi kwenye drafti.

Gharama: maka peni mbili, 2,000.

1 Machi: Kete za plaiwudi na msumari wa moto

Fundi seremala wa mtaani alinipa kipande cha plaiwudi ya milimita 6 kwa 3,000 na kunikatia vipande vya sentimita 2 kwa 5,000. Msasa 1,500. Nilipasha msumari kwenye jiko la mkaa nikachoma herufi moja moja. Zilipendeza kuliko za dukani. Ubao niliuchora kwenye kipande kingine, chumba kimoja sentimita 2.2 ili kete ziingie bila kubanana, nikafuata mpangilio wa kawaida wa vyumba vya rangi: 8 vya neno mara tatu, 17 vya neno mara mbili pamoja na kile cha katikati, 12 vya herufi mara tatu na 24 vya herufi mara mbili.

Siku ya kwanza kuzichezea, bibi alipata kete tupu zote mbili. Mchezo wa pili, akazipata tena. Mchezo wa tatu nikamkazia macho mkono wake mfukoni. Haukuwa na haraka. Bibi ameshona kofia za vito tangu ujana wake, na vidole vile vinahesabu matundu ya sindano gizani. Herufi iliyochomwa ina mfereji, kete tupu ni laini pande zote mbili. Nilipomuuliza alicheka.

"Sasa mwanangu, si umenipa alama ya kuzijulia? Hii laini, hii ndiyo tupu. Na hii yenye duara ni O."

Kwenye mashindano makubwa jambo hili lina kanuni zake. Mfuko unainuliwa juu ya usawa wa macho ili mtu asichungulie, na kete zinazotumika ni za plastiki zenye uso laini kabisa, kwa sababu kete za mbao zilizochongwa zinasomeka kwa vidole. Anayetaka kuiga mradi huu asichome na asichonge. Herufi isiwe na kina.

Gharama: 9,500 na malengelenge mawili.

22 Machi: Kila kitu ni neno

Wakati nikitafuta namna nyingine ya kuandika herufi, tuliendelea kuchezea kete za kuchomwa, bibi akivaa soksi mkononi anapochota. Ndipo tatizo kubwa kuliko la mbao lilipojitokeza. Hatukuwa tumekubaliana neno ni nini.

Tulianza kwa kuruhusu chochote ambacho mtu anaweza kukisema. Mama watoto akaweka UTALIMA. Shemeji akaweka WANASEMA kupitia herufi iliyokuwepo. Binti akafuata na TULIOGA. Anayemaliza kete zote saba kwa mkupuo mmoja anapewa alama 50 za ziada, na kwa Kiingereza hilo ni tukio la kumfanya mtu asimame. Kwetu kila baada ya zamu mbili tatu mtu anadai hamsini zake. Ukiwa na kitenzi cha herufi tatu au nne, kiambishi cha nafsi na cha wakati vinajaza zilizobaki. Alama zikapaa, raha ikatoweka.

Wiki iliyofuata tukaenda upande wa pili: neno ni lile tu lililoandikwa kwa herufi nzito kwenye kamusi. Mchezo ukadoda. Kamusi inaweka WATU ndani ya MTU na haimpi ukurasa wake, na vivumishi vimeandikwa na kistari mbele. Binti alikaa na K, I, Z, U, R, I mkononi akaambiwa KIZURI haimo.

Baada ya mabishano ya jioni nyingi, haya ndiyo tunayochezea sasa. Nomino: umoja na wingi. Vivumishi: kwa kiambishi chochote cha ngeli, pamoja na vile vya gari zuri na duka baya visivyo na kiambishi. Vitenzi: amri ya mtu mmoja (SOMA, LIMA) na jina la kitendo lenye KU (KUSOMA). Mnyambuliko kama SOMESHA na SOMEKA unakubalika kama kamusi inao. Viwakilishi, vionyeshi, vimilikishi na WA, YA, ZA, CHA na ndugu zake: vyote ruksa. Nafsi na wakati: marufuku. Kwa hiyo ANASOMA haiingii, na ALIMA ya kishairi nayo haiingii ingawa bibi anaitetea.

Kiambishi NI cha mahali kilitupa kazi. MEZA inakuwa MEZANI, SHAMBA inakuwa SHAMBANI, na N na I ndizo kete zisizokosekana. Kila nomino ubaoni ikawa ng'ombe wa kukamwa na kila apitaye. Butts aliliona tatizo la namna hii kwenye S ya wingi wa Kiingereza, akaweka S nne tu. Sisi hatuwezi kupunguza N na I bila kuua mchezo, tukaziba kwa kanuni: neno lenye NI mwishoni linakubaliwa pale tu ambapo kamusi imelipa mahali pake.

5 Aprili: Hesabu irudiwe

Hapa ndipo nilipogundua kwamba kete nilizokata zilifuata hesabu isiyo yake. Gazeti limejaa "wamesema", "waliokuwa", "walipofika", na W zake nyingi zinatoka huko. Kanuni zetu zimefukuza maneno hayo yote. Kwa hiyo W tisa nilizochoma kwa jasho hazina kazi; mtu anabaki na W tatu mkononi na WEWE pekee. H nazo zilizidi kwa sababu ya "hiyo", "hivyo" na "hata" zinazojirudia katika kila aya. Lakini ubaoni neno halipati faida kwa kujirudia, linahesabiwa kama neno moja tu.

Mpangilio sahihi wa kazi ni huu: kanuni za maneno kwanza, halafu orodha ya maneno yanayokubalika, halafu kuhesabu herufi za orodha hiyo, na mwisho kabisa ndipo mbao. Mimi nilianza na mbao.

Tuliandika orodha ya maneno ya kawaida kwa kufuata kamusi, kila nomino na wingi wake, kila kitenzi kwa sura zake mbili, kila kivumishi kwa sura chache. Maneno mafupi tuliyapa uzito zaidi kwa sababu ndiyo yanayochezwa mara nyingi. Baada ya kuhesabu, kujaribu na kusogeza moja huku na moja kule, mgawanyo umetulia hivi:

Alama 1: A 18, I 10, U 9, E 6, K 6, M 6, N 6, O 5
Alama 2: T 4, H 3, L 3, S 3, W 3
Alama 3: B 2, D 2, G 2, P 2, R 2
Alama 4: Y 1
Alama 5: CH 1, J 1, Z 1
Alama 6: F 1, V 1
Kete tupu: 2, hazina alama

Jumla 100. Kete tupu inaruhusiwa kusimama badala ya CH. Hakuna kete ya alama 10, na sioni sababu ya kuitafuta. Hakuna herufi ya Kiswahili inayotesa kama Q.

26 Aprili: Seti ya pili

Sikukuu ya Muungano, fundi yupo nyumbani, akanikatia seti nyingine kwa 5,000. Plaiwudi ilikuwa imebaki.

Jaribio la kwanza: maka peni juu ya mbao iliyopigwa msasa, kisha vanishi ya brashi. Wino ulitambaa. Vanishi ile ina tina, na tina inayeyusha wino wa maka peni papo hapo. A zikawa madoa meusi. Kete zaidi ya ishirini zilirudi kwenye msasa.

Jaribio lililofaa: herufi zimechapwa steshenari kwenye karatasi ya A4, karatasi mbili, 1,000. Kila mraba umekatwa milimita moja ndani ya ukingo wa kete ili usibanduke kwa kucha, ukagandishwa kwa gundi nyeupe ya mbao. Siku moja ya kukauka. Kisha vanishi ya kopo la kupuliza, mikupuo myembamba mitatu, msasa laini katikati. Kopo 9,000. Kete tupu nazo zimegandishwa karatasi isiyo na herufi, ili uso wake ufanane na zingine. Bibi amezijaribu akiwa amefumba macho, amekubali yameisha.

Mfuko wa kuchotea umeshonwa kwa kipande cha kanga kilichokunjwa mara mbili, maana tabaka moja linaonyesha kete.

Jumla ya gharama mpaka sasa, pamoja na yaliyoharibika: 26,500. Anayeanza na njia ya karatasi moja kwa moja atatumia takribani 19,500.

17 Mei: Ubao unakua kwa mbele

Tumecheza vya kutosha sasa kuona tofauti ya kweli na mchezo wa Kiingereza. Kule mtu anaangalia mwisho wa neno, apachike S au ED. Kwetu mlango uko mbele. Chukua TU. Ni kete mbili, haina thamani, lakini herufi moja mbele inaleta UTU au MTU, mbili zinaleta KITU, VITU, WATU, JITU. LIMA inazaa MLIMA, KILIMA, KULIMA, na MKULIMA kwa kete tatu. Nyuma haipati mengi, LIMAO na LIMAU. KUTA ikipata U inakuwa UKUTA. GARI na DUKA zinasubiri MA.

Na kinyume chake, nomino nyingi zimejifunga zenyewe: KITABU huwezi kukigeuza VITABU, kwa sababu K iko pale na haiondoki. Mchezaji anayetaka kumbana mwenzake anaweka neno la aina hiyo. Binti analijua hili vizuri kuliko mimi.

Mwanzoni sote tulikuwa tunaweka neno la kwanza likiishia chumba cha katikati, kwa mazoea tu. Upande wa kushoto ukawa mfinyu, viambishi havina pa kukaa, na pembe ya kulia chini inabaki tupu mpaka mwisho. Sasa mara nyingi neno la kwanza linaanzia katikati kwenda kulia, au katikati kwenda chini, na mchezo umefunguka.

Maneno mafupi tumeyaandika kwenye daftari linalokaa mezani: NA, NI, SI, AU, JE, TU, UA, OA, BI, LA, PA, WA, YA, ZA, EE, LO na mengine. FA na JA tumeyakataa, kwa kuwa hakuna amri ya "fa!" na anayeitwa huambiwa "njoo"; mwenye kuyataka aweke KUFA na KUJA.

Ugomvi wa mwezi huu uliletwa na bibi. Aliweka MATO, akahesabu alama zake, akasubiri. Kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, jito ni jicho, na wingi wake mato. Binti akafungua kamusi, akafunga.

"Bibi, haimo humu."

"Hiyo kamusi yako, mjukuu wangu, imezaliwa lini? Mimi nimeanza kuyafumbua mato yangu kabla yake."

Kisheria binti alikuwa sahihi. Lakini nami nikawakumbusha kwamba mkutano ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, mwaka 1928, ulifanyikia Mombasa kwao bibi, kwa hiyo fidia kidogo ni haki yake. Tumekubaliana hivi: mchezo wa nyumbani, neno la lahaja linaruhusiwa kama aliyeliweka anaweza kulitumia kwenye sentensi na mtu mwingine mmoja mezani analijua. Mashindanoni, kamusi pekee. Bibi ameuliza kama mtu mwingine huyo anaweza kupigiwa simu Mombasa.

7 Julai: Mashindano ya Sabasaba

Sabasaba ni mapumziko, na tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 ni Siku ya Kiswahili Duniani pia. Tuliita majirani. Watu wanane, meza mbili. Meza ya pili ilitumia seti ya msumari, kete tupu zikiwa zimepakwa gundi yenye mikwaruzo ili zisijulikane. Ilisaidia nusu nusu.

Kila mtu alicheza raundi tatu, mshindi anakutana na mshindi, na wanaolingana kwa ushindi wanatenganishwa kwa jumla ya tofauti za alama. Muda ulikuwa dakika 25 kwa kila mchezaji, kama ilivyo katika mashindano makubwa, kwa programu ya saa ya chesi kwenye simu. Kila dakika ya ziada inakata alama 10.

Kanuni ya kupinga neno ilibadilika katikati ya siku. Raundi ya kwanza kupinga kulikuwa bure, matokeo yake kila neno lilipelekwa kwenye kamusi, hata MAJI. Tukageuza: anayepinga neno sahihi anapoteza zamu. Watoto wakanyamaza kabisa, na jirani mmoja akapitisha neno la kutunga bila mtu kuthubutu. Raundi ya tatu tukachukua njia ya katikati inayotumika pia kimataifa: anayepinga vibaya, mwenzake anaongezewa alama 5, na mchezo unaendelea. Hiyo ndiyo inayobaki.

Jambo lililowashangaza wengi ni shemeji kumfunga mwalimu wa Kiswahili. Mwalimu ana maneno mazito, alikuwa akitafuta pa kuyaweka. Shemeji alikuwa amelikariri daftari la maneno mafupi akisubiri abiria kijiweni, na akawa anapachika maneno kama ZA na UA pembeni mwa kila neno, alama nane hapa, kumi na mbili pale. Huu ni mchezo wa kumbukumbu na hesabu kuliko unavyofikiriwa. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Kifaransa mwaka 2015 akiwa hazungumzi Kifaransa, alikariri maneno. Mwaka huohuo Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza, kule Perth, na miaka miwili baadaye mashindano hayo yalikuja Nairobi. Mwalimu alipoambiwa haya alisema angependa kumwona huyo Richards akiandika insha.

Fainali: binti na shemeji. Shemeji alianza kwa SALI, akaiweka wima, L ikikaa chumba cha katikati ya ubao. Binti alichota, akapanga kete zake kwenye kibao, akazipanga tena, akatulia kwa muda mrefu mno. Kisha juu ya SALI akalaza M, CH, E, Z, A, J, I, na A yake ikakaa juu kabisa ya ile S. MCHEZAJI kwa ulalo, ASALI kwa wima. Alama za kete ni 19, mara mbili kwa sababu CH imekanyaga chumba cha neno mara mbili, 38. ASALI ikaleta 7. Kete zote saba zimekwisha, 50. Jumla 95 kwa zamu moja. Jirani akadai MCHEZAJI ina herufi nane kwa hiyo kuna udanganyifu. Tukamhesabia kete, si herufi.

Shemeji hakuonekana kuumia. Alirudi kwenye ZA na UA zake, taratibu, huku mjomba mtu akimwacha mpwa wake afikiri. Na binti alifikiri mpaka saa ikalia. Kete zilipoisha alikuwa mbele kwa alama 14, lakini alikuwa amezidisha dakika mbili. Zikakatwa 20, shemeji akashinda kwa 6. Zawadi ilikuwa kilo mbili za sukari. Binti amedai programu ya saa ikaguliwe. Imekaguliwa, iko sawa.

17 Julai: Marekebisho

Watatu wameulizia kununua seti. Jibu ni kwamba hii ni ya nyumbani. Jina la Scrabble ni alama ya biashara, ya Hasbro kwa Marekani na Kanada na ya Mattel kwingineko, na sitaki kuuza kitu chenye jina la mtu. Ila mgawanyo wa kete na kanuni zetu za maneno nimevitoa hapo juu, kila mtu ajikatie zake.

Mambo matatu yamebadilika baada ya mashindano. Y imeshuka kutoka alama 4 hadi 3, kwa kuwa YA, YAKE na YULE zinaifanya itoke mkononi bila shida yoyote. Kibao cha kupangia kete kimeongezwa ukingo wa mbele, kete zilikuwa zinateleza na kumwonyesha mwenzako siri zako.

La tatu ni CH. Mama watoto alikuwa na M, CH, I na A raundi ya pili, na akakaa zamu nyingi akisubiri kete tupu ili aandike mchicha. Kwa CH moja, mchicha, chachu na kicheche havichezeki bila bahati. Kwa hiyo A zinashuka kuwa 17 na CH zinakuwa mbili, kwa alama 4 kila moja. CH ya pili nimeikata kutoka mabaki ya plaiwudi, karatasi yake imetoka steshenari kwa 500. Inasubiri mkupuo wa mwisho wa vanishi, itaingia mfukoni Jumamosi.